Sifuri Naiandika Nukta

Daftari lilikuwa la jalada gumu, kurasa mia mbili. Nililinunua Darajani siku moja kabla ya Bi Mkubwa kuanza kazi. Usiku ule nilikaa na rula nikachora: Tarehe. Uji (vijiko). Maziwa (mara ngapi). Chakula cha mchana (vijiko). Usingizi (saa ngapi). Nepi. Choo. Dawa: saa, kiasi. Nilichora kurasa thelathini kwa mkupuo mmoja, mwezi mzima wa maisha ya mwanangu ukiwa bado mtupu, nikalala nikijisifu. Mimi ni mwandishi wa habari. Kazini kwetu tunaambiana kwamba kisichoandikwa hakikutokea.

Mwanangu alikuwa na miezi minane. Kabla ya hapo alikuwa akishinda kwa mama mkwe wangu, lakini magoti ya mama mkwe yalishachoka na mtoto alishaanza kutambaa. Sisi tunakaa Kiponda, Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, katika moja ya nyumba zile ambazo mgeni huzipiga picha na mwenyeji huzipiga plasta kila baada ya masika. Ngazi zake zimesimama kama mnazi. Kumwacha mtoto anayetambaa na mtu usiyemjua katika nyumba kama hiyo si jambo la kulala nalo usingizi, ndiyo maana nikachora mistari.

Bi Mkubwa aliletwa na jirani. Jina lake silitaji. Kisa kaniruhusu nikiandike, jina kanikatalia. Ni mtu wa Donge, amepindukia miaka sitini, siku za kazi hulala kwa mdogo wake Jang'ombe na Ijumaa jioni hurudi shamba. Kalea watano wa kwake, na wa watu hana hisabu. Binti yake mmoja yuko Muscat, naye ni yaya, analea watoto wa watu huko. Na mtoto wa huyo binti yuko Donge, analelewa na shangazi. Nilipoyasikia haya mara ya kwanza nilifikiria habari nzuri ya kuandika. Nilikuwa nishaandika kuhusu wafanyakazi wa majumbani, nishakaa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 nikaipigia mistari ya manjano. Mkataba wangu mimi na Bi Mkubwa, lakini, ulikuwa wa mdomo. Kilichoandikwa katika nyumba ile ni cha yeye kuniandikia mimi.

Nilimhoji kama ninavyohoji watu.

"Umesoma mpaka darasa la ngapi, Bi Mkubwa?"

"Skuli sikwenda, mwanangu. Chuoni nimehitimu."

"Na namba je, unaweza kuandika?"

"Namba naandika."

Nikamwonesha daftari. Nikamsomea vichwa vya safu moja moja, naye akavifuata kwa kidole, akavirejea kwa mdomo mpaka akavikariri. Alipomaliza akapitisha kidole juu ya mstari wote, kutoka kulia kwenda kushoto. Niliona. Sikufikiri chochote. Kisha akaniuliza swali moja tu, la mshahara hakuliuliza mpaka siku ya pili:

"Nikiandika, utasoma?"

"Kila usiku," nikamwambia.

Na kweli nilikuwa nikisoma. Nikirudi, nishavua buibui, nishamnyonyesha mtoto, nalichukua daftari kwenye rafu. Mwandiko wa Bi Mkubwa ulikuwa wa mkono mzito, kalamu imekandamizwa mpaka ukurasa wa pili. Nilikuta moja, ambayo ilikuwa moja. Nilikuta tisa. Nilikuta kitu kama mbili iliyochechemea, na tatu iliyogeuka ikatazama upande mwengine. Nilikuta alama ya vema, ile ya mwalimu, kwenye safu ya nepi. Na kwenye safu ya uji, siku nyingi zaidi kuliko nilivyopenda, nilikuta sifuri. Uji sifuri. Mchana sifuri. Kesho yake vema. Kesho kutwa sifuri tena.

Wiki ya kwanza nilisema mtoto hajamzoea. Wiki ya pili nikasema meno. Wiki ya nne tukaenda kliniki, sindano ya surua ya miezi tisa, akapimwa uzito: kilo 8.2. Mwezi uliotangulia alikuwa kilo 8.1. Mwezi wa kumi tukarudi: 8.2 ile ile.

Kila mama wa hapa anaijua ile kadi ya kliniki yenye mstari wa uzito. Asili yake ni daktari mmoja wa Kiingereza, David Morley, aliyefanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile, Nigeria, miaka ya 1950. Mstari wenyewe si jambo kubwa. Wengi wangeweza kuuchora. Jambo kubwa alilofanya ni kumwachia mama kadi aende nayo kwake. Kulikuwa na wasiwasi kwamba mama wa kijijini ataipoteza. Wamama wakaitunza, wakaifunga ndani ya mifuko, wakaja nayo kliniki mwezi hadi mwezi, wengi wao wasiojua kusoma kilichoandikwa. Nilikuwa najua kisa hiki. Nilishakitumia katika makala moja ya afya. Nilikitumia kama mfano wa kumwamini mtu asiyesoma.

Muuguzi akautazama mstari wa mwanangu, ulivyolala.

"Anakula nini?"

"Anaandikwa," nikamwambia. "Nina daftari."

Akanitazama. "Mimi nimekuuliza anakula nini."

Tokea siku ile nikaanza upelelezi. Nilitia alama kwenye chupa ya maziwa ya unga. Nilimuuliza jirani wa chini, kwa mzunguko, kama anasikia mtoto akilia mchana. Siku moja niliondoka kwenye kikao cha Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, saa tano asubuhi, nikapanda bodaboda mpaka Darajani, nikaingia uchochoroni na kupanda ngazi viatu mkononi. Nilimkuta mtoto juu ya mkeka, kavalishwa kitambaa shingoni, analishwa boga lililopondwa na samaki changu. Bi Mkubwa alikuwa amemtoa miiba kwa vidole, kimoja kimoja, imepangwa ukingoni mwa sahani. Mtoto alinicheka, boga mdomoni.

Mtu mwengine angetulia. Mimi nilijiambia: leo kala kwa sababu ana njaa ya jana.

Mtauliza kwa nini sikumfungulia daftari nikamwambia, Bi Mkubwa, hii sifuri ni nini? Nilijaribu. Nilimuuliza siku mbili tatu, "Bi Mkubwa, mtoto anakula?" Akanijibu, "Anakula, mwanangu. Si nimeandika?" Na mimi, nimesimama mbele ya mtu wa umri wa mama yangu, mdomo ukawa mzito. Kumwekea kidole juu ya ukurasa ni kumwambia wewe mwongo, au wewe mvivu, na maneno hayo huku kwetu hayasemwi kwa mtu mzima, huzungukwa. Kwa hiyo nikazunguka. Nilimheshimu kwa mdomo, na moyoni nikamtuhumu kwa miezi mitatu.

Kulikuwa na mengine. Alimfunga mtoto uzi mweusi wenye mvuje mkononi, ile harufu kali ya utotoni. Nikaufungua. Kesho yake upo. Nikaufungua. Upo. Hatukuzungumza. Kichwani mwangu nilishaandika kichwa cha habari: yaya anayeamini mvuje na haamini dawa.

Halafu ukaja usiku wa homa.

Ilikuwa msimu wa bajeti, kikao kimechelewa, nimefika nyumbani saa moja na nusu usiku. Baba mtoto alikuwa amempokea saa kumi na mbili. Alikuwa anamtembeza ukumbini, kamlaza begani. "Ana joto," akasema. "Bi Mkubwa kasema kila kitu kaandika." Kipimajoto kikasema 38.9. Nikafungua daftari. Safu ya dawa, saa: 11. Kiasi: 0.

Saa kumi na moja, sifuri. Yaani kaona joto, kaandika saa, na dawa hakumpa.

Sijui kama mnaijua hasira inayokuja na raha ndani yake, ile ya mtu aliyesubiri kwa muda mrefu kuthibitika yuko sahihi. Nilichukua chupa ya dawa ya homa, nikapima mililita 5, nikampa. Kisha nikachukua simu. Hata ukiwa na hasira, shikamoo haikwepeki, kwa hiyo nikaamkia, nikaitikiwa, nikauliza hali, nikajibiwa. Halafu nikasema:

"Bi Mkubwa, mtoto anaungua, mbona hukumpa dawa?"

"Nimempa, mwanangu. Saa kumi na moja. Kwa kile kipimo chake, mpaka kwenye tano."

"Umeandika sifuri."

"Sifuri gani?"

"Daftarini. Umeandika sifuri, ninayo hapa mbele yangu."

Akanyamaza. Nikasikia watu wa Jang'ombe wakipita nyuma yake, pikipiki, mtoto akiitwa.

"Nimeandika tano," akasema pole pole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Sifuri mbona naiandika nukta."

Nilitazama ukurasa. Sifuri yangu haikuwa duara kamili. Ilikuwa na ncha kidogo juu, kama moyo uliopinduliwa. ٥. Nimeisoma tarakimu hii tangu nina miaka mitano. Iko mwisho wa aya ya tano ya karibu kila sura niliyopata kuisoma. Kila Ramadhani napita juu yake mara mia na zaidi. Ningekutana nayo ndani ya msahafu ningeijua gizani. Ndani ya mistari niliyoichora mwenyewe kwa rula, chini ya neno "kiasi", mbele ya jina la mtu aliyeniambia skuli hakwenda, sikuijua.

"Mwanangu? Umempa tena?"

Nilimwambia ndiyo.

"Basi mpelekeni hospitali. Sasa hivi."

Tulikwenda. Daktari wa zamu alikuwa kijana, ana utulivu wa watu waliolala vizuri. Akauliza uzito, akauliza nguvu ya dawa, akahesabu kwa kalamu nyuma ya karatasi: 120 kwa kila mililita 5, mara mbili, kwa kilo 8.3, tofauti ya masaa mawili na nusu. Akasema mara moja kama hii haitamdhuru, lakini asipewe nyengine mpaka yapite masaa sita, wala isizidi mara nne kwa siku, na tuwe na utaratibu mmoja wa kuandika. Baba mtoto akanitazama. Akapimwa malaria, siku hizi kisiwani imekuwa adimu, lakini kila homa hupimwa. Hana. Daktari akawasha taa yake ndogo akamchungulia masikio, mtoto akapiga ukelele.

"Hili la kulia limewaka. Amekuwa akilivuta?"

"Sijaona," nikasema.

Tulirudi saa nne. Nilimpigia Bi Mkubwa kumwambia ni sikio, kwa sababu alikuwa amekaa macho kusubiri.

"Enhe," akasema. "Nilikuandikia tangu Jumatatu."

"Wapi, Bi Mkubwa?"

"Daftarini. Pale mwanzo."

"Mwanzo nimechora mie, hakuna kitu."

"Mwanzo, mwanangu. Kwani daftari linaanzia wapi?"

Nililigeuza. Nikafungua jalada la nyuma.

Alikuwa ameandika kurasa arubaini na moja. Kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chake cha Donge, kalamu ile ile nzito, kutoka kulia kwenda kushoto, akija kuelekea kwangu mimi ninayetoka upande wa pili. Safu zangu alizijaza kwa heshima, kama mtu anavyojaza fomu za serikali. Habari za mtoto alikuwa akiniandikia huku.

Nilisoma mpaka saa nane usiku, kwa kuunga herufi kama mtoto wa chuo. Si rahisi. Mwandiko wa zamani wa namna hii hauna huruma na msomaji: herufi ya be ni b, na ni p pia, na huwa mb ikitaka, msomaji ndiye anayejua. Papai lilikuwa "babai" mpaka nilipokumbuka tunalo jikoni. Nyengine sikuzitambua usiku ule. Zile nilizozitambua nanukuu chache, kwa ruhusa yake.

"Kala vijiko vitano, cha sita kakitema. Fizi zimevimba, nimemsugua kwa kidole."

"Mvua. Maji yameingia ngazini, hatukutoka. Kalala kifuani, sikumweka chini."

"Kamuogopa paka, kisha kamcheka."

"Mama kaondoka kwa kunyapa. Mtoto kamtafuta nyuma ya pazia na uvunguni. Leo hakula mpaka adhuhuri. Bora aagwe."

"Mama kaondoka kwa kunyapa."

"Mama kaaga. Kalia kidogo, kisha kala vijiko saba."

"Anavuta sikio la kulia. Mama amtazame."

"Anavuta sikio. Nimeandika jana."

Na hii, ya siku kumi na mbili kabla: "Leo kenda hatua tatu, toka mlangoni mpaka kwenye sanduku. Saa nne asubuhi. Mama yake atafurahi akisoma."

Jumamosi iliyofuata siku ile mwanangu alitembea mbele yangu, kutoka kwenye mguu wa kitanda mpaka mikononi mwangu. Nilipiga kigelegele peke yangu. Nilimtembeza tena nikarikodi, nikatuma kwa ndugu wote, nikaandika "hatua za kwanza". Jumatatu nikamwonesha Bi Mkubwa simu. Aliitazama mpaka mwisho, akasema mashaallah, akanirudishia. Nakumbuka alibaki akinitazama kidogo, kama mtu aliyekutilia maji unawe na wewe hukunyoosha mikono.

Nikarudi upande wangu wa daftari nikapiga hesabu upya. Sifuri zote zikawa tano. Vema zote zikawa saba, kwa sababu saba ya Kiarabu ni V tupu. Zile nilizozisoma saba zikawa sita. Mtoto alikuwa akila. Si sana, vijiko vitano kwa mtoto wa umri wake si vingi, na muuguzi baadaye alituambia tumpe kidogo kidogo mara nyingi zaidi, tutie na mafuta, tusimjaze uji mwepesi. Lakini alikuwa akila kila siku, anaandikwa kila siku, na aliyekuwa akimwandika alishaniambia hata kwa nini siku nyengine hali. Sababu ilikuwa mimi na viatu vyangu mkononi.

Naomba nitoke nje kidogo, ni tabia ya kazi. Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya kuandikwa kwa hizi ninazozitumia hapa. Barua za Kilwa za mwaka 1711, ambazo ziko Goa hadi leo, ni Kiswahili kwa mkono wa Kiarabu. Herufi za kizungu zilikuja kukaa na wamisionari na serikali. Askofu Edward Steere alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, na hapa Mkunazini, hatua chache kutoka kwangu, ndipo alipojenga kanisa lake. Mwaka 1928 wakakaa Mombasa wakaamua Kiswahili cha Unguja ndicho kiwe sanifu kwa Afrika Mashariki nzima. Wakachukua ulimi wetu, wakauvalisha herufi nyengine. Bi Mkubwa anasema Kiswahili cha kisiwa hiki na anakiandika kila siku ya kazi. Akija mtu wa kujaza fomu, kwenye kisanduku cha elimu humwandika "hakusoma". Mimi pia, katika daftari langu la mahojiano, nilimwandika hivyo hivyo.

Na kuna Salme. Binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ambaye watalii walikuwa wakipelekwa kuona chumba chake pale kwenye Makumbusho ya Kasri. Watoto wa kike wa wakati wake walifundishwa kusoma, kuandika hawakufundishwa. Yeye alijifunza kwa siri, akiiga maandishi ya msahafu kwenye bapa la bega la ngamia. Baadaye akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 kikatoka Berlin kitabu chake alichokianza kwa ajili ya watoto wake. Ndani yake ameeleza malezi ya watoto wa kasri: walezi, hirizi, siku arubaini za mwanzo. Nilikisoma chuo kikuu, kwa Kiingereza, na nilikipenda. Usiku ule ndipo nilipofikiri kwamba kile ni kitabu cha mtoto aliyebebwa. Waliombeba, wengi wao watumwa, walijua saa aliyolala na siku alipotema kijiko. Wangeandikaje, na wangemwandikia nani?

Asubuhi Bi Mkubwa alifika saa moja kasorobo kama kawaida. Mtoto alikuwa bado ana joto kidogo. Akamchukua kwangu, akamwekea shavu kwenye paji, akamgeuza akamtazama sikio. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha. Nikamwambia nisamehe, Bi Mkubwa, tano zako nilizisoma sifuri.

Alicheka. Alicheka sana, akakaa chini, kanga mdomoni. "Na mie nasema, huyu mtoto kasoma mpaka chuo kikuu!" Nikacheka na mimi. Nikadhani tumemaliza.

Kisha akanyamaza, akawa anampapasa mtoto mgongo.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwanzo."

"Miezi mitatu."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo miezi mitatu unajua mwanao nnamshindisha na njaa."

Sikujibu.

"Na kila asubuhi ukaniachia ukenda zako."

Hakusema kwa ukali. Aliniuliza kama alivyoniuliza siku ya kwanza kama nitasoma, na nadhani alikuwa anataka kujua kweli. Nimehoji mawaziri. Najua jinsi mtu anavyotafuta mahali pa kutokea anapoulizwa swali lililonyooka, anavyokohoa, anavyoomba maji. Nilimwambia nilikuwa na kikao. Nikamwambia sikuwa na hakika. Nikamwambia ningefanya nini, mama mkwe hawezi ngazi, kazi ukiikosa wiki mbili anapewa mwengine. Yote ni kweli. Yeye akawa anaitikia, "Enhe. Enhe."

"Mie ningemtoa," akasema mwisho. "Ningekuwa na shaka na mtu hata ya siku moja, ningemtoa. Wangu nimewaacha kwa watu nikenda kulea wa watu. Lakini kwa watu nnaowajua." Akasimama kwenda kuchemsha maji. Wakati ule nilifikiri habari ya binti yake Muscat, na mtoto wa Donge kwa shangazi, na kwamba sikuwahi kumuuliza huyo mtoto anaandikwa na nani. Nilimuuliza baadaye, wiki kadhaa zikiwa zimepita. Kasema shangazi hutuma sauti kwenye simu kila usiku, Muscat, na Muscat huirusha kwake Jang'ombe. Hajui kama binti yake huzisikiliza zote. Yeye huzisikiliza.

Aliondoka siku nne. Alisema anakwenda shamba kuangalia karafuu, na haikuwa msimu wa karafuu. Nilichukua ruhusa kazini, nikakaa na mtoto, nikamwandika mwenyewe kwenye safu zangu, na siku ya pili nikagundua sina pa kuandika kwamba alisimama mlangoni nusu saa nzima akiutazama mlango.

Siku ya tano, saa moja kasorobo, akagonga. Nilikuwa nimeandika mkataba, kurasa mbili, nyongeza ya mshahara, siku za mapumziko, malipo akiumwa. Nimeuandika mara mbili: kwa herufi hizi, na kwa zile, mkono wangu ukiyumba kama wa darasa la kwanza. Aliusoma wa kwake wote, polepole, kidole juu ya mstari. Akaomba kalamu. Nikadhani anasaini. Akanirekebisha neno moja. Nilikuwa nimeandika "mlezi" kwa sini badala ya ze, ikawa "mlesi". Halafu akasaini.

Sasa namuaga mtoto kila asubuhi. Hulia. Kwenye kadi mstari umeanza kupanda, si kwa kasi, kilo 8.9 mara ya mwisho. Mvuje upo mkononi. Kila usiku nasoma daftari kutoka upande wake, na siku hizi naye ananisomea ninapokwama, kwa kuwa ile be ya p na mb bado inanishinda. Kuna neno moja la mwezi wa kwanza, kwenye ukurasa wa ile mvua, ambalo nimelisoma namna tatu na zote zina maana. Nimemuuliza. Kasema kalisahau.

Juzi kaniambia kurasa zimekwisha. Nilikuwa nikichora kila mwisho wa mwezi, yeye akiandika kila siku, na tumekutana katikati. Ukurasa wake wa mwisho na wangu wa mwisho ni karatasi moja, pande mbili.

"Ununue jengine," akasema. "La mistari tu. Usilichore."